Barua ya wazi kuhusu makovu yanayobaki baada ya tiba

Kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Na Mkuu wa Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA NAFASI YA PROFESA WA UHANDISI TIBA ATAKAYETAFITI UKOVU WA TISHU NA UZEE, KITUO CHAKE CHA KAZI KIKIWA TANGA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimefanya kazi ya uhandisi wa vifaa tiba katika hospitali za mkoa huu mpaka nikastaafu. Ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba linagusa wizara mbili, taasisi moja na ofisi ya mkoa, na utumishi umenifundisha kwamba barua ya namna hiyo ikipelekwa kwa mmoja huishia kwenye jalada la huyo mmoja. Ombi lenyewe si refu: ajirini profesa mmoja wa uhandisi tiba, ambaye utafiti wake ni ukovu wa tishu, yaani faibrosisi, na namna uzee unavyouzidisha; mpeni maabara ya kiasi; na kituo chake cha kazi kiwe Tanga badala ya Dar es Salaam. Kilicho kirefu ni sababu zake.

Mkoa wetu umepambana kwa miaka mingi na magonjwa ambayo chanzo chake huondolewa kwa dawa lakini alama zake hubaki mwilini. Kichocho cha mkojo ndicho mfano ulio wazi kuliko yote. Mayai ya minyoo hunasa kwenye kuta za kibofu, mwili ukayazungushia seli za kinga, na baada ya seli hizo likafuata kovu. Miaka ikipita ukuta huo huweza kukakamaa na hata kujaa chokaa, mirija inayotoka kwenye figo ikabanwa, na figo zikatuna kwa mkojo usiopata njia. Prazikwanteli huua minyoo, haifuti kovu. Matende nayo ni hivyo hivyo: dawa zinazogawiwa kwa jamii nzima, ivemektini na albendazo, hupunguza vimelea wachanga katika damu na kukata uenezaji wake, na hilo ni jambo la kushukuriwa sana, lakini mguu ambao ngozi yake imeshakuwa nene na ngumu haurudi kuwa mguu wa zamani kwa vidonge hivyo. Ukioshwa kwa sabuni kila siku, ukainuliwa na kunyooshwa, hali yake hutulia. Mabusha yana kambi zake za upasuaji. Mguu hauna kambi.

Kisha kipo kifua kikuu. Mgonjwa humeza dawa kwa miezi sita, makohozi yanapimwa na kuonekana safi, kadi inafungwa, na kwenye daftari linaandikwa neno moja: amepona. Vijidudu ni kweli wamekwisha. Pafu, hata hivyo, mara nyingi limebaki na mikunjo na makovu, na mtu huyo akirudi mwaka unaofuata akiwa na kikohozi na pumzi fupi, picha yake ya eksirei inaweza kumfanya daktari mwenye haraka amwanzishie tena dozi ya ugonjwa ambao hana. Madhara ya mapafu baada ya kifua kikuu yalichukua muda mrefu mno kupewa uzito duniani. Kongamano la kwanza la kimataifa juu yake lilifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019 tu.

Naomba nieleze kovu lenyewe, kwa kuwa wengi wetu tukilisikia tunafikiria ngozi. Tishu ikijeruhiwa, seli zinazoitwa faibroblasti huamka, na baadhi yake hugeuka kuwa aina yenye nguvu ya kuvuta, miofaibroblasti, ambayo Giulio Gabbiani na wenzake waliieleza mwaka 1971. Seli hizi humwaga kolajeni, ambayo ni protini ya nyuzinyuzi, kisha huzivuta nyuzi hizo ili kidonda kifumbe. Kidonda kikishafumba, kwa kawaida hufa zenyewe na kazi ikawa imekwisha. Katika faibrosisi hazifi. Huendelea kumwaga kolajeni, nyuzi zikafungamana kama singa za mkonge zilizosokotwa kuwa kamba, na tishu iliyokuwa laini ikakakamaa. Hapo ndipo jambo linapotoka kwenye udaktari peke yake na kuingia kwenye uhandisi, maana ugumu huo ukishakuwapo unakuwa chanzo kipya: seli iliyoshika mahali pagumu huuhisi ugumu ule na kuendelea kuzalisha kovu, hata kama kilichoanzisha jeraha kimeshaondoka zamani.

Ugumu wa tishu hupimwa kwa kilopaskali. Pafu lenye afya lina kilopaskali kama 2 hivi. Pafu lenye faibrosisi iliyokomaa huweza kupita 15. Sahani ya plastiki ambayo maabara nyingi hukuzia seli ni ngumu kuliko pafu kwa kiasi cha mara milioni, na kwa hiyo seli iliyolazwa juu yake huanza kujigeuza kuwa mtengeneza kovu kabla mtafiti hajaijaribia dawa yoyote. Watafiti waliliona hili na kulitafutia dawa. Mwaka 1997 Robert Pelham na Yu-li Wang walionyesha kwamba seli zikiwekwa juu ya jeli ya poliakrilamidi, ambayo ulainifu wake hupangwa kwa kubadili vipimo vya viambato vyake, zinatembea na kushika kwa namna tofauti kulingana na ugumu wa jeli. Mwaka 2006 Adam Engler na Dennis Discher na wenzao wakaenda mbali zaidi: seli shina, yaani seli ambazo bado hazijawa za aina maalumu, zilizowekwa kwenye jeli laini zilielekea kuwa za neva, na zile za kwenye jeli ngumu zilielekea kuwa za mfupa. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu viambato vya jeli hiyo havina bei ya kutisha, na anayeweza kuipima na kuitengeneza kwa usahihi ni mtu aliyefundishwa mekanika kabla ya kufundishwa biolojia.

Sasa uzee. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika kwa idadi yenye kikomo, kisha husimama. Tangu hapo imefahamika kwamba seli iliyosimama si lazima ife. Hubaki hai ikitoa kemikali zinazochokoza jirani zake na kuchochea kovu. Kolajeni yenyewe nayo huzeeka, kwa kuwa sukari ya damu hushikamana nayo polepole na kuunganisha uzi na uzi, jambo ambalo kwa mgonjwa wa kisukari huenda kwa kasi zaidi. Mwaka 2014 Louise Hecker na wenzake walichapisha jaribio ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa barua hii: panya wachanga na panya wazee walitiwa jeraha lile lile la mapafu kwa kutumia bleomaisini, wote wakapata kovu, lakini la wachanga likayeyuka na la wazee likabaki. Jeraha ni moja. Aliyekosa uwezo wa kulifuta ni yule mwenye umri.

Waheshimiwa, tulinganishe hilo na tunavyofanya shuleni. Mwalimu wa afya husimamisha fimbo ya kupimia dozi ukutani, mtoto anaegemea, na alama ya fimbo inayogusa utosi inaonyesha idadi ya vidonge vya miligramu 600 atakavyomeza baada ya kula, kwa sababu prazikwanteli kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu. Ni kazi nzuri, na vipimo vya altrasaundi katika nchi mbalimbali vimeonyesha kwamba kibofu cha mtoto aliyetibiwa mara nyingi hurudi katika hali nzuri ndani ya miezi. Mama yake, ambaye amelima mpunga na kufua mtoni tangu utoto, hasimami kwenye fimbo ile. Kovu lake ni la miaka mingi na uwezo wake wa kulifuta umepungua, na ndiye ambaye hakuna aliyempima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, limependekeza kwamba pale ambapo maambukizi yamefika asilimia 10, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Naomba mwongozo huo utekelezwe kikamilifu vijijini kwetu, na naomba pia tusiamini kwamba dawa ikishawafikia watu wazima kazi imekwisha. Kwao ndiyo inaanza, maana hapo lazima tujue kovu lipo kiasi gani na linaelekea wapi.

Kipimo ndipo ninapoumia, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoila mkate wake. Kupima mapafu kwa spairomita kunaonekana jambo jepesi mpaka ulifanye. Mzee huketi wima, pua inabanwa kwa kibanio, anavuta pumzi mpaka isiingie tena, kisha anapuliza kwenye mrija wa karatasi kwa nguvu zake zote huku anayempima akimhimiza: puliza, puliza, puliza, bado, bado, bado kidogo. Apulize mara tatu zinazokubalika, na zile mbili bora zisipishane kwa zaidi ya mililita 150. Kabla yake, mashine yenyewe ihakikiwe kwa bomba la sindano la lita 3, na ikitofautiana nalo kwa zaidi ya asilimia 3, basi majibu ya siku hiyo si majibu. Katika hospitali moja niliyowahi kuhudumia, ambayo sitaitaja, spairomita iliwasili kama msaada bila bomba hilo na bila vichujio vya akiba. Ilikaa kwenye boksi lake mpaka betri ikafa. Aliyeileta alipiga picha ya makabidhiano na pengine hakuelezwa kwamba kifaa hakifanyi kazi bila mtu wa kukisimamia. Nasi tuliopokea hatukuwa na mtu wa ngazi ya kukataa.

Na hata mashine ikifanya kazi, namba inayotoka inalinganishwa na nini? Viwango vya kimataifa vya kupumua vilivyotolewa mwaka 2012 havikuwa na takwimu za kutosha za watu wa Afrika kusini mwa Sahara. Mipaka ya ugumu wa ini, inayotumiwa na mashine za kupima unyumbufu kwa mawimbi ya sauti, iliwekwa kwa sehemu kubwa kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C huko Ulaya, ambao kovu lao husambaa kwa mpangilio usiofanana na kovu la kichocho cha tumbo cha ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa, linalofuata mishipa mikubwa ya ini. Kwa hiyo mtu wa kwetu anaweza kuambiwa yu mzima kwa mizani ya mwingine. Kazi hii haimalizwi kwa kununua mashine. Inataka mtu anayejua mawimbi yanavyopita kwenye tishu, anayeweza kuandika upya mipaka hiyo kwa miili ya hapa, na ambaye cheo chake kinamruhusu kuomba fedha za utafiti kwa jina lake mwenyewe na kusimamia wanafunzi wa uzamivu. Huyo ndiye profesa ninayemwomba.

Mtauliza kwa nini Tanga. Kwanza, mkoa huu si mgeni wa sayansi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, juu ya Muheza, mwaka 1902, na mpaka leo NIMR ina vituo mkoani humu, Amani na Tanga mjini. Korogwe, sambamba na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofanyiwa majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Familia za kwetu zinajua fomu ya ridhaa ni kitu gani, zinajua kuuliza sampuli itapelekwa wapi, na baadhi yake zinauliza vizuri kuliko wajumbe wa kamati. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ipo, Hospitali Teule ya Muheza ipo, na barabara ya kwenda Muhimbili kwa kile kisichowezekana hapa ni ya lami.

Pili, tuna mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na vizazi vya wafanyakazi wamezeekea kwenye korona, yaani mashine ya kutoa singa kwenye majani ya mkonge, na kwenye chumba cha brashi, ambako singa zilizokauka husuguliwa na vumbi lake likajaa hewani. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu huwa tunachanganya mambo: vumbi la mkonge linajulikana zaidi kwa kubana njia za hewa kuliko kutia kovu kwenye pafu lenyewe. Vumbi la miamba yenye kwatsi (madini ya silika), kama linalowapata wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Handeni wanapochoronga na kusaga mawe, ndilo linalotia kovu la kweli, na kovu hilo huendelea kukua hata mchimbaji akiacha kazi. Mzee wa korona na mzee wa Handeni wakiketi benchi moja wakikohoa, kwa sikio huwezi kuwatenganisha. Spairomita inaweza kusaidia: njia za hewa zikibanwa, sehemu ya pumzi inayotoka katika sekunde ya kwanza hupungua kuliko jumla, pafu likikakamaa, jumla yote hupungua huku uwiano ule ukibaki au hata kupanda. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba, na kwa mfanyakazi ndiyo inayoweza kuamua fidia.

Wapo watakaosema kwamba mkoa una upungufu wa wauguzi na dawa, na kwamba profesa ni anasa. Nawaheshimu, na baadhi yao ni wenzangu wa zamani. Lakini tayari tunalipia kovu bila kulijua: tunalilipia kwa dozi za kifua kikuu zinazorudiwa kwa asiye nacho, kwa figo zinazofika hospitali zikiwa zimekwisha, na kwa rufaa za wazee ambao wametumwa mara nyingi kupiga picha ile ile. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi huduma kwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka tujue tunalipia nini. Dirisha la wazee limefunguliwa karibu kila hospitali. Anayesimama dirishani anapimwa presha na sukari, na kwa kweli hilo limeokoa wengi. Mapafu, kibofu na figo zake hazipimwi mpaka zimeshamsumbua.

Wapo pia watakaosema kwamba hakuna dawa ya kovu, sasa kulipima kuna faida gani. Ni kweli kwamba dawa zilizopo ni chache na hazifuti. Pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani kwa faibrosisi ya mapafu mwaka 2014, hupunguza kasi ya pafu kupotea, na bei yake iko mbali na mfuko wa mzee wa Ngamiani. Sitaki mtu yeyote aahidiwe vidonge kwa jina la barua hii. Lakini mirija iliyobanwa ya mkojo ikigunduliwa mapema huzibuliwa na figo ikapona, mguu wa matende ukisimamiwa haufiki kwenye vidonda, na mwenye pafu lenye kovu akifundishwa mazoezi ya kupumua na kuondolewa kwenye vumbi na moshi huendelea kutembea mwenyewe hadi sokoni. Zaidi ya hayo, majaribio ya dawa mpya huenda kule kuliko na watu wanaojua kupima. Tukikosa kupima, tutaletewa dawa zilizojaribiwa kwa makovu ya wengine.

Ninachoomba kwa utekelezaji ni hiki. Nafasi ya profesa iwe ya chuo kikuu cha umma, kwa makubaliano na NIMR, na barua yake ya ajira itaje Tanga kama kituo cha kazi, maana tunafahamu vituo vya kazi visivyoandikwa hugeuka kuwa safari za posho. Maabara yake ianze na mambo matatu tu: jeli na hadubini ya kuzitazama seli, altrasaundi yenye uwezo wa kupima unyumbufu, na spairomita zilizo kamili na bomba lake la kuhakiki. Wanafunzi wa vifaa tiba wanaofundishwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam waletwe kwake kwa mafunzo kwa vitendo, ili siku moja kifaa kikija bila sehemu zake awepo kijana wa kusema hapana. Kila anayemaliza dozi ya kifua kikuu Bombo na Muheza apulize kabla kadi haijafungwa, na namba yake iandikwe. Watu wazima wa vijiji vyenye kichocho wapimwe kibofu na figo, wakiwa wamekunywa maji ya kutosha kujaza kibofu kama utaratibu unavyotaka, na warudiwe baada ya miaka. Sampuli za tishu zihifadhiwe hapa kadiri inavyowezekana; zikilazimika kwenda nje, makubaliano ya uhamisho yasainiwe na profesa huyo pia, na majibu yarudi kwa wenye miili yao kwa Kiswahili cha kueleweka.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi kwamba nafasi isiyoingizwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, haipati kibali cha ajira, na kwamba mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ninaiomba ofisi ya Mkuu wa Mkoa iitishe kikao kimoja cha Mganga Mkuu wa Mkoa, uongozi wa Bombo na kituo cha NIMR Tanga kabla maoteo ya bajeti ijayo hayajafungwa, ili ombi la nafasi hii liende Utumishi likiwa na saini za pande zote. Wastaafu wenzangu wa vifaa tiba na mimi tuko tayari kukagua spairomita na altrasaundi zote zilizopo katika hospitali za mkoa, zinazofanya kazi na zilizo kwenye maboksi, na kulileta kikaoni jedwali la hali ya kila moja na kifaa kinachokosekana. Kazi hiyo hatudai malipo. Tunahitaji barua ya kuturuhusu kuingia stoo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhandisi vifaa tiba mstaafu,
Ngamiani, Tanga

Nakala: Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Waheshimiwa Wabunge wa mkoa wa Tanga.